Malkia wa Haragwe Jeupe

"Usiniambie umemwalika mama yako leo," alisema Nyanchama, sinia la mikate likiwa mikononi mwake.

Amyn hakuwa na haja ya kumwambia. Farhat alikuwa amekwisha kufika. Alisimama kwenye mlango wa ukumbi wa chakula wa shule, ndani ya koti la kijivu lililomfika miguuni, akijikung'uta theluji mabegani na kuwatazama vijana waliojifunga mashuka meupe kama Warumi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka sitini na mitatu. Nyanchama alikuwa akimwona ana kwa ana kwa mara ya kwanza, baada ya miaka miwili ya kumwona kwenye simu ya mwanawe.

"Ungeniambia," alinong'ona.

"Ungekataa kuja."

"Ndiyo. Ningekataa."

Amyn alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, ambalo siku nyingine lilimfanya Nyanchama asamehe lolote. Leo halikufaa kitu. "Nisikilize," alisema. "Ulinipa hadi Jumatatu. Nitamwambia leo, hapa hapa. Hakuna siku bora kuliko hii. Leo sheria inasema hakuna anayeruhusiwa kukasirika."

Sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka elfu mbili na ushei. Amyn Kurbanali alikuwa mwalimu wa Kilatini katika shule hii ya North York, Toronto, na kila ifikapo tarehe kumi na saba Desemba, yeye na wanafunzi wake walifanya Saturnalia, sikukuu ya Warumi wa kale ya katikati ya majira ya baridi. Siku hizo Warumi walifunga mahakama na shule, wakavua mavazi ya heshima, wakacheza kamari hadharani, wakapeana mishumaa na vinyago vidogo vya udongo. Zaidi ya yote, watumwa waliketi mezani wakaandaliwa na mabwana zao, na mtumwa aliweza kumwambia bwana wake lolote lililomkaa rohoni bila kuchapwa. Hapa shuleni walimu ndio waliovaa aproni. Wageni walipewa kofia za sufi zilizochongoka, za namna iliyovaliwa Roma na mtumwa aliyeachwa huru. Mfalme wa siku alipatikana kwa kura, na amri zake zilitiiwa mpaka karamu ivunjike, ziwe za kipuuzi namna gani.

Amyn aliipenda siku hii kuliko Idi na Krismasi ukizijumlisha. Alimsimulia Nyanchama habari zake siku ile ile waliyokutana, hospitalini, alipomleta mwanafunzi aliyevunjika mkono na Nyanchama akiwa ndiye muuguzi wa zamu. Hata saa tano za kungoja hazikutosha mazungumzo yao. Kufikia wakati plasta ilipokauka, binti wa Kikisii alikuwa amekwisha kufa kuoza.

Lakini miaka miwili ni mingi. Miaka miwili ya kuitwa rafiki. Miaka miwili ya kunyamaza ndani ya gari kila simu ya mama ilipolia, na ya kusikia habari za Inara, daktari wa meno wa Richmond Hill, ambaye Farhat alimwona kila Ijumaa kwenye jamatkhana, nyumba yao ya ibada, na kumhesabu kama mkwe. Hospitali moja ya Halifax ilikuwa imempa Nyanchama kazi nzuri na kumtaka ajibu Jumatatu. Alimwambia Amyn waziwazi, bila machozi: mama akijua, nabaki. Asipojua, naondoka.

Na leo, kwa ajili ya mwanamume huyu, alikuwa amekosa kanisa siku ya Sabato ili kuja kugawa mikate katika sikukuu ya mungu wa Warumi. Wazee wa kanisa lake wangejua, wangefunga siku tatu.

"Mwambie pembeni basi," alimsihi Amyn. "Mpeleke darasani kwako, ukae naye chini."

"Niachie mimi," Amyn alisema, akaenda kumvua mama yake koti.

*

Melissa, mwalimu mwenzake Amyn, alipita mezani na mfuko wa maharagwe mekundu. Ndani yake mlikuwa na moja tu jeupe. Kila mtu alitia mkono na kutoa lake, vijana wakipiga kelele, hadi mfuko ukafika kwa yule mama mgeni aliyekaa wima mwisho wa meza, kofia ya sufi ikiwa magotini kwa sababu alikataa kuivaa.

Farhat alifungua kiganja. Haragwe lilikuwa jeupe.

Ukumbi mzima ulimshangilia malkia. Walimvisha taji la majani, na hilo hakulikataa. Nyanchama, aliyekuwa upande wa pili, aliona jinsi yale macho makavu yalivyopata uhai ghafla. Akajua hapo hapo kwamba huyu mama si wa kuchezewa.

Alianza kwa wepesi. Kwa Kiingereza safi alimwamuru mkuu wa shule aimbe, naye akaimba. Akamwamuru mwanawe aoshe vikombe thelathini kwa mkono, na Amyn akakunja mikono ya shati, akacheka, akaenda. Halafu malkia akainua kidole, akamwonyesha Nyanchama.

"Wewe," alisema, na sasa alisema kwa Kiswahili. "Njoo ukae hapa."

Katika watu themanini waliokuwa ukumbini, watatu tu ndio walioielewa lugha hiyo, na mmoja wao alikuwa na mikono ndani ya povu. Nyanchama alijikaza, akazunguka meza, akaketi.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Nyanchama."

"Jina la Kisii." Farhat alitikisa kichwa polepole. "Mimi nimezaliwa Kisumu. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa, na nusu ya wateja wake walitoka kwenu. Watu wa Sabato. Jumamosi hawanunui hata sindano. Leo si Jumamosi?"

"Ni Jumamosi, Anti."

"Na wewe uko hapa."

Farhat alichukua zeituni moja, akaitafuna, akatoa kokwa mdomoni na kuiweka pembeni mwa sahani. Hakuwa na haraka yoyote.

"Mwanangu anasema wewe ni rafiki unayemsaidia mambo ya sherehe. Mwaka jana pia ulimsaidia. Nilikuona kwenye picha, umeshika sinia hilo hilo. Nikajiuliza, muuguzi mwenye kazi yake, anaacha kanisa lake, anakuja kubeba mikate ya watoto wa watu. Anatafuta nini?" Alimgeukia, wakatazamana uso kwa uso. "Wamenieleza sheria za leo. Malkia akiuliza, anajibiwa ukweli, na hakuna wa kukasirika. Basi nakuuliza. Kuna nini kati yako na Amyn?"

Jibu lilikuwa pale pale ulimini. Maneno matatu tu, na miaka miwili ya kujificha ingekwisha. Nyanchama alitamani kuyatema. Alimtazama Amyn kule kwenye beseni, ameinama, shingo yake ile anayoijua kuliko shingo yake mwenyewe, akampenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja.

"Muulize mwanao, Anti," alisema. "Si mimi niliyekuficha. Nikikujibu mimi, nitakuwa nimemfanyia kazi yake."

Farhat aliinua nyusi. Kwa mara ya kwanza alimwangalia kama mtu anayeangalia mtu, si picha. Kisha akapiga makofi mawili. "Amyn."

Amyn akaja akijifuta mikono kwenye aproni. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Mama yake akarudia swali lile lile kwa Kiswahili, bila kuongeza wala kupunguza.

Amyn alikuwa mzaliwa wa Toronto. Kiswahili alikielewa chote, ila tangu utotoni alijibu kwa Kiingereza, na hata na Nyanchama ndivyo walivyozungumza, huyu kwa hiki na yule kwa kile. Alisimama kidogo, macho chini. Mara uso ukamchanua. Akapanda juu ya kiti, akagonga kikombe kwa kijiko, na ukumbi ukatulia.

"Enyi raia wa Roma," alitangaza kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya darasani, mkono mmoja kifuani. "Malkia ameamuru niseme kweli. Basi sikieni. Nampenda mwanamke huyu. Nimempenda tangu siku ya kwanza. Na mbele ya malkia, mbele ya Saturni mwenyewe, namwomba Nyanchama akubali kuwa mke wangu."

Ukumbi ulilipuka. Kofia zilirushwa hadi zikagonga taa. Walimu walipiga masufuria kwa miiko, vijana wakapanda viti, wote wakiita jina la sikukuu kwa Kilatini. Na katikati ya vurumai hiyo Nyanchama alimwona Farhat akicheka. Alicheka kwa sauti, akapiga makofi, taji likamwendea upande.

"Vizuri sana," alisema malkia kwa Kiingereza, kila mtu asikie. "Mchezo mzuri sana, dikra, mwanangu. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukinifurahisha ulipokuwa mdogo."

Amyn naye alicheka. Hilo ndilo lililomchoma Nyanchama. Alimtazama usoni akaona faraja ya mtu aliyetua mzigo na hakuulizwa umetoka wapi. Alikuwa amesema, na hapo hapo alikuwa hajasema. Mama akicheka, ulikuwa mchezo. Mama asipocheka, ni sikukuu, sheria inamlinda. Alikuwa amengoja miaka miwili, na katika siku mia tatu sitini na tano za mwaka akachagua ile moja ambayo neno la mtu halimfungi.

"Sema ndiyo," walimwimbia wanafunzi. "Sema ndiyo."

"Hapana," alisema Nyanchama.

Wakacheka zaidi. Walidhani na yeye yumo mchezoni. Amyn peke yake ndiye aliyeacha kucheka. Alishuka kwenye kiti taratibu.

"Nyanchama."

"Watumwa wa Roma waliwaambia mabwana zao mengi siku hii," alimwambia kwa sauti ya chini. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Kesho yake waliamka wakachota maji kama kawaida. Sitaki kuposwa na mtu ambaye kesho atasema alikuwa anatania."

"Sikuwa natania."

"Mama yako anacheka, Amyn. Na umemwacha acheke."

Aliondoka mezani kabla machozi hayajamsaliti, akaenda jikoni kufuta masinia ambayo tayari yalikuwa makavu.

*

Ilipofika saa kumi Melissa alipiga kengele, na Saturnalia ya mwaka elfu mbili na kumi na moja ikavunjika. Taji lilirudi ndani ya boksi. Mashuka yakakunjwa. Wazazi walianza kuwafuata watoto wao, wakiacha madimbwi ya theluji iliyoyeyuka kando ya mlango.

Nyanchama alikuwa kwenye korido akivaa buti Farhat alipomfuata na koti lake mkononi. Walikuwa peke yao. Huko ndani Amyn alikuwa akipanga viti.

"Umefanya vizuri kumkatalia," alisema Farhat.

"Sijamkatalia, Anti. Nimekataa namna alivyosema."

"Kuna tofauti?"

"Kwangu ipo."

Farhat alivaa koti, akalifunga vifungo vyote, cha chini mpaka cha juu. "Mimi si mjinga, binti. Nilijua tangu picha ile ya mwaka jana. Mama anajua mwanawe anavyomtazama mtu. Nilichotaka ni kuona kama ana ubavu wa kuniambia. Akapanda juu ya kiti akaniigizia." Sauti yake ikapungua. "Kwa hiyo nikacheka. Ungetaka nifanye nini mbele ya watu?"

Siku nzima Nyanchama alimwona mama huyu kama ukuta, kumbe ukuta nao ulikuwa umeumia.

Amyn akatokea, funguo za gari mkononi, aproni bado kiunoni. Alisimama alipowaona pamoja.

"Twende nyumbani," mama yake alimwambia. "Mchezo wenu umekwisha."

Nyanchama aliinama akaendelea na kamba za buti. Akisema twende, alijiambia, nitaandikia Halifax usiku huu huu, sitangoja hata hiyo Jumatatu. Alizifunga kamba, akazifungua, akazifunga tena, akisikia mashine ya soda ikivuma mwisho wa korido.

"Mami," alisema Amyn.

Nyanchama akainua kichwa. Sauti haikuwa ile ya darasani.

"Mami, mimi napenda Nyanchama," Amyn alisema, kwa Kiswahili. Kilimtoka kwa shida, neno moja moja, masikio yamemwiva. "Miaka miwili. Mimi naficha wewe, kwa sababu mimi naogopa. Yeye hana kosa. Kosa ni yangu. Mimi nataka oa yeye. Hii si mchezo."

Kidevu cha Farhat kilicheza kidogo, akakituliza.

"Sasa nimekusikia," alisema. "Na jibu langu ni hapana. Si wa dini yetu, si wa watu wetu, na Inara nimekwisha kuzungumza na mama yake. Hapana leo, hapana kesho. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mami. Lakini mimi nitaoa yeye."

"Bila baraka zangu?"

"Mimi nataka baraka. Mimi nitakuja kila siku kuomba."

Hapo Nyanchama alisimama. Alitarajia kulia, au kukimbia, lakini kifua chake kilikuwa chepesi ajabu, kama cha mtu aliyemaliza zamu mbili mfululizo na kuvua viatu. Alimsogelea Amyn, akamfungua ile aproni kiunoni, mbele ya mama yake, kwa mara ya kwanza bila kuangalia nyuma.

"Mpeleke mama nyumbani," alimwambia. "Barabara ni mbaya. Mimi nitapanda basi."

"Na Halifax?"

"Siendi Halifax. Kukataliwa ninaweza kuvumilia, Amyn. Kufichwa ndiko kulikonishinda."

Alisukuma mlango akatoka. Baridi ilimpiga usoni. Kituo cha basi kilikuwa kitupu, theluji ilianguka kwa mafungu mazito, na giza la Desemba lilikuwa limekwisha kuanza kushuka. Alikuwa amekaa pale dakika kumi, mikono kwapani, gari la Amyn liliposimama mbele yake na kioo cha dirisha la mbele kikashuka.

"Ingia," alisema Farhat.

"Basi linakuja, Anti."

"Haliji. Ingia nyuma. Hapana yangu iko pale pale, lakini hakuna atakayesema Farhat Kurbanali alimwacha mtoto wa watu kwenye theluji."

Akaingia. Walishika barabara ya Don Mills kuelekea Flemingdon Park, taratibu, vipangusio vikihangaika kiooni. Amyn alimtazama Nyanchama kupitia kioo kidogo cha juu, na yeye akamtazama, na ingawa mama alikuwa katikati yao na hapana yake, Nyanchama alijiona ameshinda. Alikuwa amedai ukweli na ameupata. Angeweza kulala usingizi mtamu.

Taa nyekundu ikawasimamisha. Farhat akageuka kitini mwake.

"Nakuuliza jambo moja," alisema, "na sasa si malkia anayeuliza. Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, Anti. Yuko nyumbani, Nyamira."

"Anajua habari za mwanangu?"

Kila Jumamosi, akitoka ibadani, mama yake Nyanchama alimpigia simu kumuuliza kama kuna kijana yeyote wa maana kanisani kwao Toronto. Na kila Jumamosi, kwa miaka miwili, Nyanchama alimjibu kwamba bado anamwomba Mungu. Hata leo asubuhi alikuwa amemjibu hivyo hivyo, kisha akachukua mkoba wake na kuja kumhukumu Amyn kwa kosa lile lile.

"Hajui," alisema.

Kwenye kioo kidogo macho ya Amyn yalimtoka. Hakuwa amewahi kuliuliza swali hilo, naye Nyanchama hakuwahi kumpa nafasi ya kuliuliza. Taa ikageuka kijani, lakini gari halikuondoka mpaka la nyuma lilipopiga honi.

"Basi tuko mama wawili," alisema Farhat, akageuka mbele kutazama barabara.

Nyanchama alitoa simu mkobani. Kule Nyamira ilikuwa saa sita na nusu usiku. Alijua kabisa kwamba ni saa mbaya, kwamba angeweza kungoja kesho asubuhi, na kwamba kesho asubuhi angepata sababu ya kungoja kesho kutwa. Akabonyeza jina la mama yake. Simu iliita mara tano kabla haijapokelewa, na sauti ikamjia ya mtu aliyetoka usingizini na hofu imemjaa.

"Nyanchama, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama," alisema, mkono wake wa pili umekamata kiti cha Amyn kwa nyuma. "Keti kitandani. Kuna mtu nimekuficha."